Shafti inacheza, oili inavuja: kutafuta chanzo kabla ya kukereza vipuri vya trekta kuukuu

Vipuri vya trekta la miaka ya 1940 au 1950 haviliki ovyo. Hulika upande uliobeba uzito, mahali grisi iliposhindwa kufika, au pale sili (pete inayozuia oili isitoke) ilipokauka na kuruhusu vumbi liingie lisage chuma. Kila alama ya kuchakaa ina habari yake. Anayekimbilia kufunga shafti kwenye kerezo, yaani mashine ya kukereza, bila kuzisoma alama hizo ataikuta kazi ileile mezani tena msimu ujao.

Kabla ya kuwaza kasi wala kisu, amua kati ya vipande viwili vinavyosuguana ni kipi kitakatwa. Mara nyingi jibu ni bushi, yaani bomba fupi ambamo shafti au pini huzunguka, hata kama shafti ndiyo inayoonekana mbaya. Shafti na pini nyingi za usukani zimetiwa ugumu usoni: nje kuna ngozi ngumu isiyozidi sana milimita 1, ndani ni chuma laini. Zijaribu kwa tupa mahali pasipofanya kazi. Tupa ikiteleza bila kung'ata, ngozi ipo, na ukiikereza utakuwa umeondoa kitu pekee kilichokuwa kikiilinda pini. Afadhali uisafishe, uipime jinsi ilivyo, kisha utengeneze bushi inayoifuata. Bushi ni kipande cha bronzi tu, kikiharibika unakata kingine.

Kipimo cha asili kitafute mahali ambapo hapajawahi kusuguliwa, kwa mfano nyuma ya sili, au mwisho wa shafti ambapo bushi haifiki. Matrekta ya Uingereza na Marekani ya enzi hizo yalitengenezwa kwa inchi, kwa hiyo ukisoma milimita 31.7 usianze kushangaa: hiyo ni inchi 1¼, yaani milimita 31.75. Ukisoma 28.55, hiyo ni inchi 1⅛. Pima kwa mikromita, katika pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba, juu, katikati na chini. Kalipa ya vernia ni nzuri kwa kuchagua chuma cha kukata. Kwa kuamua kama bushi itakaa, haitoshi.

Gurudumu la mbele linatikisika

Inua ekseli kwa jeki na uweke kigogo chini. Shika tairi juu na chini, tikisa, na mwenzako aangalie nyuma ya gurudumu. Ikiwa habu inacheza huku stabu ekseli (ekseli fupi inayobeba gurudumu) imetulia, tatizo ni beringi au nati yake. Ikiwa stabu ekseli yenyewe inayumba ndani ya ekseli, basi ni kingipini, pini ya wima ambayo stabu ekseli hugeukia, na bushi zake. Tairi likicheza unapolishika kushoto na kulia tu, angalia viungo vya fimbo za usukani na boksi la usukani kabla ya kuvunja kitu kingine chochote.

Bushi za kingipini hulika kwa umbo la yai, kwa sababu uzito unasukuma upande mmoja miaka yote. Wengi hukosea hapa. Wanapitisha drili au rima (kisu cha kusafishia tundu), na kwa kuwa vifaa hivyo hufuata tundu lililopo, tundu jipya linatoka kubwa, la duara, lakini limeinama. Kisu chenye ncha moja kilichofungwa kwenye fimbo ya kupanulia tundu hakifuati tundu la zamani. Kinakata pale mashine inapokielekeza, basi.

Ekseli haiwezi kuzungushwa kwenye mashine ndogo. Kama kitelezi chako, sehemu ya kerezo inayobeba kisu, kina mifereji ya kufungia bolti, fanya kinyume: fimbo ya kukatia izunguke kati ya senta mbili (ncha za mashine zinazoshika kazi pande zote), na kipuri kifungwe juu ya kitelezi kikiisogelea. Myford ML7, kerezo ndogo ya Kiingereza iliyotoka miaka ya 1940, ina kitelezi cha namna hiyo. Senta yake iko inchi 3½ tu juu ya reli, milimita 89, kwa hiyo utafanya ncha ya ekseli au kipande cha mkono wa usukani, si ekseli nzima. Pale ambapo kipuri hakikai kabisa, tengeneza bushi mbili zenye tundu dogo kuliko linalohitajika, zipresi, halafu zipitishe rima ndefu yenye kiongozi, ili ya juu na ya chini zisafishwe kwenye mstari mmoja. Ukizisafisha kila moja peke yake, pini itaingia juu na kukwama chini, na utadhani umekosea kipimo.

Bushi ilipita vizuri mezani, baada ya kupresiwa inagoma

Hapa hakuna kosa la ajabu. Bushi yenye ukuta mwembamba ikiingizwa kwa nguvu kwenye chuma kinene, tundu lake hubana karibu kiasi kilekile ulichozidisha nje. Kwa bushi yenye kipenyo cha nje cha milimita 30 hivi, kuzidisha milimita 0.03 hadi 0.05 kunatosha kuishika. Basi liache tundu likiwa dogo kwa milimita 0.1 au 0.15 na ulimalizie kwa rima baada ya kupresi. Shafti inayozunguka kwa oili huhitaji nafasi ya milimita 0.025 kwa kila milimita 25 za kipenyo. Kingipini inayogeuka polepole na kulishwa grisi nyingi ipe 0.05 hadi 0.08, vinginevyo grisi haitapita na usukani utakuwa mzito.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo lakini chanzo chake ni chaki, kile kishikio chenye taya cha kerezo. Bushi nyembamba ikibanwa kwa taya tatu inabonyea mahali patatu. Unakata tundu la duara safi, unafungua taya, chuma kinajirudisha, na tundu linabaki na pembe tatu zisizoonekana. Kalipa haitakuonyesha, maana umbo hilo likipimwa kwa ncha mbili linasoma kipenyo kilekile kila upande. Utagundua tu pale shafti inapokwaruza mahali patatu. Dawa ni kutumia kipande kirefu cha bronzi, ukereze nje na ndani bila kukifungua, kisha ukate bushi mwishoni.

Bronzi yenye vinyweleo, ile iliyoloweshwa oili kiwandani, usiipanue kwa rima butu wala kuisugua msasa. Vinyweleo vinazibwa na bushi inakauka. Na kwa pini yenye nipeli ya grisi haina faida, tumia bronzi ya kawaida iliyosubiwa. Kumbuka kutoboa tundu la grisi na kulilinganisha na nipeli kabla ya kupresi. Mfereji wa grisi ndani usifike ukingoni, la sivyo grisi yote inakimbilia nje.

Sili mpya, oili inavuja vilevile

Hili ndilo tatizo linalowatesa watu zaidi ya yote, na mara nyingi sili haina hatia. Angalia kwanza tundu la kupumulia la giaboksi. Likiziba kwa tope, hewa ya ndani ikipata moto inasukuma oili itoke popote inapoweza. Kisha tikisa shafti. Ikiwa inacheza juu na chini, mdomo wa sili hauwezi kuifuata, na hakuna sili itakayodumu mpaka beringi au bushi irekebishwe.

Hayo yakiwa sawa, pitisha ukucha juu ya uso wa shafti. Ukikwama kwenye mfereji mwembamba, mdomo wa sili za zamani umeichimba shafti. Suluhisho rahisi ni kuisogeza sili mpya milimita 2 au 3 ndani au nje ya mahali pake pa zamani, kama nafasi ipo na huzibi njia ya oili kurudi. Likishindikana hilo, kuna mikono myembamba ya chuma inayouzwa kwa ajili ya kuvikwa juu ya mfereji. SKF hutengeneza yenye unene wa milimita 0.28 hivi, na sili ya kipimo kilekile bado hukaa. Mwisho kabisa ndipo unapokereza shafti na kuivika mkono ulioutengeneza mwenyewe.

Ukifika huko, jihadhari na hili: uso uliokerezwa ni nyuzi. Kisu kinaposogea huku kazi inazunguka, kinaacha mfereji mwembamba wa kuzunguka kama wa skrubu, hata pale macho yanapoona uso laini. Mfereji huo ni pampu. Shafti ikizunguka upande mmoja unairudisha oili ndani, upande mwingine unaitoa nje chini ya mdomo wa sili. Ndiyo maana kuna shafti inayovuja trekta likienda mbele tu.

Kuijaribu ni rahisi. Paka shafti oili nyepesi kidogo ikiwa bado kwenye mashine. Chukua uzi laini, tundika kitanzi chake juu ya shafti, na ncha zote mbili zifungwe chini kwenye kizito cha gramu 30 hivi. Zungusha polepole, mizunguko 60 kwa dakika, mikono ikiwa mbali. Uzi ukitambaa upande mmoja, kisha ukatambaa kinyume unapogeuza mzunguko, mfereji upo. Ukitambaa upande uleule kwa mizunguko yote miwili, shafti haijalala sawa au ina upande mnene.

Kuuondoa, tumia utepe wa msasa, namba 320 kisha 400 pamoja na oili, ukiubonyeza moja kwa moja juu ya mahali pa sili bila kuutembeza kushoto wala kulia. Ukiutembeza unachora mfereji mpya. Usitafute uso wa kioo pia, maana mdomo wa sili unahitaji uso wenye mikwaruzo midogo inayoshika oili. Utepe ushikwe kwa ncha zake mbili, usiuzungushe kwenye vidole hata mara moja, na reli za mashine uzifunike, kwa sababu chembe za msasa zinakula kerezo kuliko kazi yoyote nyingine.

Beringi imelegea kwenye kiti chake

Kiti kinachong'aa, chenye michirizi ya kuzunguka na rangi ya bluu, kinaonyesha kwamba ringi ya ndani ilikuwa ikizunguka juu ya shafti. Kabla ya kukitengeneza jiulize kwa nini ilianza: beringi ilikwama kwa kukosa grisi, au nati ililegea? Na kwanza hakikisha kwamba ni kosa kweli. Kwenye habu za mbele zenye beringi za konikali, ringi ya ndani huachwa iteleze juu ya stabu ekseli kwa makusudi, ili nati iweze kuirekebisha. Nimewaona watu wakiibana kwa gundi na kujiletea shida ambayo haikuwapo.

Kupiga alama za senta panchi kuzunguka kiti ni kudanganya jicho. Ncha hizo ndogo zinabeba uzito wote na zinasagika mara moja. Kwa nafasi ndogo, tuseme milimita 0.1, gundi ya kushikia beringi inayokauka pasipo hewa inafanya kazi vizuri kama pande zote mbili zimesafishwa mafuta. Siku ya kuitoa, moto wa karibu nyuzi 250 unailainisha. Kwa nafasi kubwa vika mkono. Kereza kiti kipungue mpaka mkono uwe na ukuta wa milimita 2 hivi, na kwenye bega acha kona ya mviringo. Kona kali ndipo ufa unapozaliwa. Mkono wa kipenyo cha milimita 40 ukipashwa moto uzidi joto la chumba kwa nyuzi 180 hutanuka karibu milimita 0.086, kwa hiyo ukiukazia 0.04 utaingia bila presi na kujibana ukipoa. Acha uso wa nje na ziada, umalizie mkono ukiwa umeshakaa, shafti ikiwa kati ya senta zake za asili ulizozisafisha kwa ncha ya mti na mafuta ya taa.

Stabu ekseli siipunguzi namna hii. Kiti cha beringi ya ndani kiko karibu na mahali inapopinda zaidi, na kupunguza unene hapo ni kuiomba ivunjike barabarani.

Palipochomelewa panavunja kisu

Kujaza shafti kwa welding kisha kuikereza kunaonekana ni njia ya mkato. Shafti nyingi za trekta zina kaboni ya kutosha kiasi kwamba chuma kilicho kando ya welding, kikipoa haraka, kinakuwa kigumu na dhaifu. Kisu kinaruka, ncha ya kabaidi inamegeka, na shafti imepinda juu ya hayo. Ipashe moto kwanza, choma mistari mifupi kwa zamu pande zinazotazamana, kisha izike kwenye chokaa kavu au jivu ipoe taratibu mpaka kesho. Ijaribu kwa tupa kabla ya kuifunga. Mkato wa kwanza uingie chini ya magamba yote, maana kukata juujuu ndiko kunakoua ncha. Halafu angalia kwa geji ya saa kama imebaki imenyooka.

Vipuri vya usukani, vya breki, na pini zinazobeba mzigo wa kuvuta sivichomelei. Meno ya shafti ya PTO (inayopeleka nguvu ya trekta kwenye zana), ile ya inchi 1⅜ yenye meno 6 inayozunguka mara 540 kwa dakika, pia si kazi ya karakana ya nyumbani.

Kipuri kiko sawa, mashine ndiyo inayokosea

Shafti ikitoka nene upande mmoja, ni lazima ujue ilifungwa vipi. Kama ilikuwa kati ya senta mbili na upande wa telistoki (kichwa cha mwisho wa mashine kinachobeba senta ya pili) umebaki mnene, telistoki imekaa mbali na kisu, isogeze kuelekea kwako. Ukiwa mwembamba, fanya kinyume. Kama ilishikwa na chaki peke yake na ncha ya mbali ni nene, inawezekana chuma kinakikimbia kisu kwa kupinda. Chochote kinachotokeza zaidi ya mara 3 ya kipenyo chake kishikwe na senta. Ikiendelea hivyo hata kwa chuma kinene na mikato myepesi, kitanda cha mashine kimejisokota. Chukua chuma kinene, acha mikanda miwili iliyo mbali kwa milimita 150, ikate yote kwa kipimo kimoja bila kugusa kitelezi cha kukingama, upime. Mkanda wa nje ukiwa mnene, inua kidogo mguu wa mbele upande wa telistoki, kaza, kata tena.

Mtetemo wenye kelele na mawimbi usoni una sababu nyingi, ila anza na zile zisizogharimu kitu: punguza kasi, fupisha kisu kinachotokeza, kilete kwenye urefu wa senta, kinoe. Watu hupunguza mwendo wa kisu wakati mara nyingi kuuongeza kidogo ndiko kunakotuliza. Ndani ya tundu, tumia fimbo nene kadiri inavyoingia. Ukiongeza urefu wake mara mbili inapinda mara 8, na ukiongeza unene mara mbili ugumu wake unakuwa mara 16. Mkato wa mwisho upitishe tena bila kuongeza kina, uone fimbo bado inatoa maranda. Ikitoa, ulikuwa hujafika kipimo.

Kipimo kinachobadilika baada ya chai ni joto. Chuma cha milimita 50 kikiwa na moto wa nyuzi 40 zaidi kinasoma karibu milimita 0.024 zaidi, na hiyo ni karibu nusu ya nafasi uliyokuwa ukiitafuta. Pima kikiwa cha kushikika bila kuhisi joto.

Chaki ya taya tatu ikikuyumbishia kazi kwa milimita 0.05 au 0.1, hiyo ni hali yake ya kawaida. Shafti ya zamani ifunge kwenye taya nne na uisawazishe kwa geji ya saa, ukiigusisha mahali pasipolika.

Nati inaingia mizunguko miwili inagoma

Usiilazimishe. Bolti ya nusu inchi ya BSW ina nyuzi 12 kwa inchi, ya UNC ina 13 (BSW na BSF ni vipimo vya Uingereza, UNC na UNF vya Marekani), na zinakubaliana mwanzoni tu. BSF ya nusu inchi ina 16, UNF ina 20. Isitoshe, nyuzi za BSW na BSF zina pembe ya digrii 55 na zile za UNC na UNF digrii 60, hivyo pima pembe kwa geji ya nyuzi na si kwa hesabu peke yake.

Nyuzi zilizopondeka zikisafishwa kwa kerezo, tatizo ni kukirudisha kisu kwenye mfereji wa zamani. Shikisha nati ya mpasuko kwenye skrubu ndefu inayokisukuma kitelezi, zungusha chaki kwa mkono kuelekea mbele mpaka ulegevu wa gea uishe, kisha lete kisu kwenye mfereji kwa kitelezi kidogo cha juu. Ukikata nyuzi za inchi kwa mashine ya milimita, au kinyume chake, usiifungue nati hiyo mpaka kazi iishe. Toa kisu, rudisha mashine nyuma kwa umeme au kwa mkono, uingie tena.

Injini inapanda na kushuka ikiwa imetulia

Nyunyiza oili nyepesi kidogo kwenye ncha za kijiti cha kipepeo cha kabureta, injini ikiwa inazunguka lakini bado ni baridi. Mlio ukibadilika, hewa inapita pale. Kereza kijiti kipya, na kama matundu yamelika, yapanue yote mawili kwa mfungo mmoja na uvike bushi za bronzi. Skrubu ndogo za kipepeo zimepondwa nyuma ili zisitoke, kwa hiyo kata hizo ncha kwa tupa kabla ya kuzifungua, na ukirudisha weka mpya na uziponde tena, kwa sababu ikilegea inaenda moja kwa moja kwenye silinda.